Tundu la Milimita Kumi na Nane

Kama kuna mtu aliyezaliwa na rula mfukoni, basi ni yule fundi waliyempachika jina la Milimita. Sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa ukucha kabla ya kuimimina. Kitanda kikisogea kwa upana wa kidole, halali mpaka akirudishe. Mkewe alipofungasha na kuondoka, majirani walisema amekwenda kutafuta mwanamume anayekata mkate bila kuupima kwanza.

Lakini tabia hiyo iliyomkosesha mke ndiyo iliyompa heshima kazini. Gereji yake ilikuwa moja ya chache zilizopewa muhuri wa kufunga ringi.

Sheria ilikuwa hivi. Mwenye leseni mpya, kwa miaka miwili ya mwanzo, haruhusiwi kupanda pikipiki yenye nguvu zaidi ya farasi arobaini na saba. Sasa hizi pikipiki ndogo za spoti, hizi zilizoinamia mbele kama jogoo anayetafuta ugomvi, zinatoka kiwandani na farasi hamsini na tano. Hazitupwi, zinabanwa. Fundi anakereza ringi ya alumini, anaitoboa katikati, anaipachika kwenye mpira unaopeleka hewa ndani ya injini. Hewa ikipungua, na moto unapungua, na farasi kadhaa wanabaki zizini. Kila aina ya pikipiki ina kipimo chake cha tundu kitabuni. Fundi anaigonga ringi namba ya kipimo hicho, anajaza fomu, anapiga muhuri, anatia sahihi. Miaka miwili ikiisha ringi inatolewa, na mwenyewe anaining'iniza kwenye funguo zake awaringishie wenzake.

Miaka thelathini na moja, Milimita alikuwa hajagonga namba ya uongo hata mara moja. Ndiyo maana ile moja ilimtesa kuliko ambavyo mia zingemtesa mwongo mzoefu.

Ilianza siku mpwa wake alipoisukuma pikipiki yake nyekundu mpaka ndani ya gereji, anacheka mpaka magego yanaonekana. Binti wa miaka ishirini na mbili, mtoto pekee wa dada yake Milimita. Kazi yake ilikuwa kupeleka meno. Ndiyo, meno. Kuna karakana moja inatengeneza meno ya bandia, na yeye anayachukua huko, kila seti ndani ya kiboksi chake chenye jina la mgonjwa, anayasambaza kwa madaktari wa meno wa mji huu na ule wa pili uliopo nyuma ya mlima. Wazee wengi wa pande zile walikuwa wakitafuna nyama kwa hisani ya yule binti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Nifungie ringi yangu leo leo, kesho nina meno ya watu kumi na mmoja."

"Wasubiri. Walikaa bila meno mwaka mzima, watashindwa siku moja?"

"Mjomba, jamani! Kuna bibi mmoja, harusi ya mjukuu wake ni Jumamosi."

"Haya, hilo ni jambo zito. Rudi saa tisa."

Binti akaenda zake. Hakuwa amefika hata kwenye kona, dada yake Milimita akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amejificha kwa muuza matairi akisubiri. Mwanamke mnene, mshonaji wa mapazia, mwenye sauti ya kufungua kopo.

"We mtoto," alimwambia Milimita. Mtoto mwenyewe ana miaka hamsini na minane na magoti yanalia akichuchumaa. "Umeliona hilo dude?"

"Nimeliona, Dada. Ni zuri."

"Zuri! Farasi arobaini na saba. Huyu anapeleka meno, hapeleki jeshi."

"Ndivyo sheria inavyoruhusu."

"Sheria ndiyo iliyomzaa? Sheria ililala wodini siku nne inapiga kelele?" Akavuta kiti cha mteja, akakaa. Kilipolalamika hakukijali. "Sina mwingine, unajua. Nilimkataza, hakusikia. Nilimnunia, akaninunulia soda. Sasa nimekuja kwako. Si wewe unayeshika koo la hilo dude? Libane."

"Nitalibana. Milimita ishirini na nne, kama kitabu..."

"Libane zaidi."

"Dada, huo ni uongo."

"Uongo wa kumlinda mtoto si uongo, ni blanketi." Hapo sauti ikambadilika, ile ya kufungua kopo ikaondoka, ikabaki ya mtu mdogo. "Tangu aanze shule ya udereva, kila akichelewa mimi nasimama dirishani. Pazia la mteja nimelishona mara mbili juu chini. Siwezi miaka miwili namna hii. Siwezi."

Milimita alikuwa amemwona dada yake akilia mara moja tu maishani, na siku hiyo walikuwa wanamzika mama yao. Hakusubiri aone mara ya pili.

Mafundi wengine walipokwenda kula, akabaki peke yake na mashine ya kukereza. Akaweka kipande cha alumini, akaanza kutoboa. Angeweza kusimama kwenye ishirini na mbili. Angeweza ishirini. Akasimama kumi na nane, kwa sababu kumi na nane ilimpa amani. Kisha akachukua nyundo na zile namba za chuma, akagonga "24", taratibu, zikiwa zimenyooka kuliko namba zote alizowahi kugonga. Uongo wake wa kwanza, na aliusawazisha kwa rula.

Hesabu yake kichwani ilikuwa rahisi: anayekwenda polepole hafi. Na hapo ndipo mpimaji wetu alipokosea, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha pikipiki barabara kuu. Alizijaribu kwa kuzungusha nyuma ya gereji, kupita kwa muuza matairi, basi, amerudi. Alijua nguvu ya injini kama mpishi anayejua chakula kwa kukionja kwa ncha ya ulimi. Hakujua mtu mwenye njaa anakitegemea namna gani.

Mjini hakuna aliyegundua kitu. Kwenye mataa na foleni, pikipiki ilinguruma vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa mlimani, kwenye ile barabara ya kwenda mji wa pili, pale injini inapotaka kuvuta pumzi ndefu ikakuta mlango ni mwembamba.

Wiki ya tatu, binti akaja.

"Mjomba, hebu nisikilizie. Mlimani inakohoa. Nikivuta mafuta mpaka mwisho, inanguruma tu, haiendi. Ile ya shule ya udereva nayo ilikuwa na ringi, lakini ilikuwa inapanda."

Milimita akainama, akajifanya anaangalia mnyororo. Mnyororo haukuwa na neno, maskini.

"Pikipiki haina kitu," alisema. "Ni wewe. Unachelewa gia."

"Mimi?"

"Unabadilisha ukiwa umeshachelewa. Mkono wako bado haujakomaa. Utazoea."

Binti akatazama mkono wake wa kushoto, ule wa klachi, kama anayetazama mtoto aliyeleta ripoti mbaya ya shule. "Mwalimu alisema gia zangu ndizo nzuri darasa zima."

"Walimu wanapenda kusifia."

Ringi ilikuwa kosa la mkono. Lakini neno hili lilikuwa kosa la mdomo, na hakulirudisha.

Kuanzia hapo binti akaanza kujifunza upya kitu alichokuwa anakijua. Kila Jumapili asubuhi alipanda ule mlima na kushuka, anabadilisha gia mapema, anabadilisha mapema zaidi, anahesabu kwa sauti ndani ya kofia ngumu. Wenzake wa kazini wakamwita Konokono. Dereva mmoja wa gari la maziwa alimpita mlimani akiwa anapiga mswaki, akampungia kwa mswaki huo huo. Binti alimsimulia mjomba wake, akicheka. Mjomba naye akacheka, hivyo hivyo, meno ya mbele tu.

Dada yake, kwa upande wake, alinawiri. "Anarudi amechelewa lakini anarudi mzima," alisema. "Mungu akuweke. Na mapazia yangu sasa yananyooka."

Miezi mitano ikapita hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua kali, barabara kavu, hakuna cha kusingizia. Binti alikuwa na viboksi tisa mgongoni. Mbele yake mlimani lilikuwepo lori la matofali linatambaa. Akaangalia mbele: kweupe, mita za kutosha. Akafanya hesabu kama alivyofundishwa, kwa pikipiki ya farasi arobaini na saba, na hesabu ilikuwa sahihi. Akatoka kulia, akavuta mafuta.

Alipofika ubavuni mwa lori, gari dogo likatokeza kileleni linashuka. Bado nafasi ilikuwepo. Anayeendesha farasi arobaini na saba angemaliza kulipita lori, akarudi upande wake, na bado akawa na muda wa kujikuna. Yeye akavuta mpaka mwisho wa mkono, na injini ikapiga kelele nyingi bila kumpa kitu. Lori ubavuni halisogei nyuma. Gari linakuja. Akabadilisha gia, akabadilisha tena. Mwisho akachagua mtaro.

Watu waliofika kwanza wanasema waliyaona meno kabla ya kumwona yeye. Viboksi vilikuwa vimepasuka, na seti tisa za meno zimetapakaa kwenye nyasi na lami zikicheka peke yake juani. Mama mmoja alipiga kelele akidhani wamekufa watu tisa. Binti alikuwa chini mtaroni, amevunjika mtulinga na kifundo cha mkono wa kushoto, yu hai, anauliza kama meno ya bibi mmoja kipofu aliyekuwa akiyasubiri siku hiyo yamesalimika.

Milimita alifika hospitali na mafuta bado mikononi. Dada yake alikuwa pembeni ya kitanda, ameshika mguu wa mtoto kupitia shuka kama anayezuia usiondoke. Binti alipomwona mjomba wake akajaribu kutabasamu.

"Ulisema, Mjomba," alisema. "Gia. Nilichelewa gia, kama ulivyosema."

Milimita akatafuta pa kukaa. Hakukuwa na kiti, akakaa kwenye ndoo.

Mambo yakawa mabaya zaidi, maana sheria ya leseni mpya ina mkia. Mwenye leseni chini ya miaka miwili akipata ajali kwa kosa lake, leseni inafutwa, na hairudishwi mpaka ipite miaka mitano. Na binti, mtu mkweli, alipoletewa karatasi ya maelezo alikuwa ameandika kwa mkono mzima: *Ni kosa langu. Sijui kubadilisha gia.* Akatia sahihi. Kikao cha ofisi ya leseni kikawekwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mwenye karakana ya meno alikuwa muungwana, akasema atamwekea kazi yake mpaka Alhamisi hiyo, si zaidi.

Pikipiki yenyewe ikaletwa kwenye gereji iliyoifunga ringi, kama utaratibu unavyotaka, fundi mwenye muhuri aifungue na athibitishe kwa maandishi kwamba chombo hakikuwa na hitilafu. Fundi mwenye muhuri ni nani? Huyo huyo.

Jumatatu akaifungua. Ringi ikatoka safi, inang'aa, "24" yake imenyooka. Milimita akaiweka mezani. Kando yake akaweka nyingine aliyoikereza asubuhi ile, ishirini na nne ya kweli. Zisingekuwa pamoja, mtu asiyepima asingezitofautisha kwa macho tu. Kuipachika ile mpya kungemchukua dakika kumi, na dunia nzima isingejua kitu mpaka kiyama.

Dada yake akaingia, safari hii kwa mlango wa mbele.

"Weka hiyo mpya," alisema, bila hata kukaa. "Wakimfutia, wafute. Mtoto yuko mzima, atapata kazi ya kukaa ndani. Nilikuwa naomba hivi hivi kila siku, wewe hujui tu."

"Anasema hajui kubadilisha gia, Dada."

"Na aseme. Kuna mtu amekufa kwa kutojua gia?"

"Ameandika kwa mkono wake."

"Mkono utapona!"

"Sikiliza," Milimita alisema, na hakuwa na desturi ya kumwambia dada yake asikilize. "Nimemharibia kitu kilichokuwa kizima. Si pikipiki. Anakaa pale kitandani na mkono uliofungwa plasta, vidole vinabonyeza klachi hewani. Nimemwona. Anahesabu."

Dada yake akaitazama ile ringi mpya mara moja tu. Akatoka.

Jumanne Milimita akaenda nyumbani kwao, amevaa shati la kwenda benki. Binti alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa shingoni. Mama yake alikuwa jikoni mlango wazi, anachemsha maji. Milimita hakutoa hotuba, hakuwa mtu wa hotuba. Akatoa ringi mfukoni na kile kipimo chake chenye taya mbili kama mdomo wa ndege, akaviweka mezani mbele ya binti.

"Pima," alisema.

"Nipime nini? Si imeandikwa?"

"Pima, mama."

Akapima kwa mkono mmoja, ringi ameibana kati ya magoti. Akasoma. Akafuta kipimo kwa nguo, akapima tena, akasoma tena. Jikoni maji yalianza kuchemka, na hakuna aliyekwenda kuyatoa.

"Kumi na nane," alisema.

"Kumi na nane."

"Nani alikereza?"

"Mimi."

"Ulikosea?"

Jamani, swali hilo lilikuwa mlango. Lilikuwa limefunguliwa kwa heshima, kwa upendo hata, na Milimita angeweza kupita bila kuinamisha kichwa. Nani hakosei? Lakini mtu anayeitwa Milimita akikosea milimita sita, nani ataamini?

"Sikukosea. Nilikusudia. Niliogopa utakimbia."

Binti akafanya kitu ambacho mjomba wake hakukitarajia: akautazama ule mkono wa kushoto uliofungwa, akausogeza karibu na kifua kama anayemwomba radhi mtu.

"Kwa hiyo gia zangu zilikuwa sawa."

"Zilikuwa sawa siku zote."

"Na uliniambia hazifai. Pale gerejini. Ulinitazama ukaniambia."

"Nilikuwa natazama mnyororo," Milimita alisema, na papo hapo akaona aibu ya jibu lile.

"Ni nani alikwambia ufanye hivi?"

Mlangoni mwa jikoni dada yake alikuwa amesimama na birika, mvuke unampanda usoni, na macho yake yalikuwa yale ya dirishani. Milimita hakumtazama.

"Hakuna. Mashine ni yangu na mkono ni wangu."

Alhamisi akaenda kwenye kikao na ringi ndani ya bahasha. Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha, na afisa aliyeipima ringi mara tatu kwa vipimo viwili tofauti kisha akamtazama fundi kama anayetazama saa iliyosimama.

"Thelathini na mmoja?" aliuliza. "Miaka ya kazi?"

"Thelathini na mmoja."

"Sababu ya kufanya hivi?"

"Nilimwogopea."

Afisa akaigeuza fomu mbele na nyuma. "Hakuna mahali pa kuandika hilo," alisema. Akaandika *uzembe*. Milimita alitaka kumwambia si uzembe, ulikuwa umakini, umakini mkubwa kabisa. Akatia sahihi.

Leseni ya binti ikabaki. Muhuri wa Milimita ukachukuliwa siku ile ile. Afisa aliufunga ndani ya gazeti kama samaki. Sasa anakereza bawaba za milango na vyuma vya kuning'inizia mapazia. Wateja wanasema bawaba zake hazilii.

Dada yake alikuja mara moja tu, kuchukua vyuma. Akasimama, akashika hiki, akashika kile.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ulitaka nikutaje?"

"Sijui. Usiku najitaja mwenyewe." Akakikunja kitambaa chake mara nne. "Hanisemeshi sana, unajua. Hajui kitu, lakini hanisemeshi. Nimwambie?"

"Mimi simo tena," Milimita alisema. "Mjomba wake ameshampoteza. Wewe mama yake, kabla ya kumwambia, pima kwanza utakachopoteza."

Mpaka leo haijulikani kama alimwambia.

Mfupa ulipounga, binti alipeleka pikipiki kwa fundi mwingine, ikafungwa ringi ya ishirini na nne. Baada ya hapo alipita gerejini mara moja, kurudisha kile kipimo kilichosahaulika mezani. Alikiweka juu ya mashine kwa uangalifu, mahali pake hasa.

"Shikamoo, Fundi," alisema.

Milimita alichelewa kuitikia. Alikuwa bado anasubiri lile neno jingine, lile alilolizoea tangu binti ana meno mawili. Halikuja.

"Marahaba," alisema, na binti alikuwa ameshavaa kofia ngumu.

Barabara ya mlimani inaanzia nyuma ya gereji, baada ya muuza matairi. Milimita akazima mashine. Akasikia gia ya kwanza, akasikia ya pili. Kisha mwinuko ukamkabili binti pale kwenye kona, pale hasa, na fundi akajikuta ameinua kidole hewani akihesabu.

Ya tatu. Kwa wakati wake, bila kuchelewa hata kwa unywele.

Alisimama hivyo, kidole juu, mpaka mlio ukapotea upande wa pili. Kisha akawasha mashine na kuendelea na bawaba.